Nimeushinda Mwanga

Bosi anataka Kigoma. Anataka na Mwanza, anataka na Mbeya, na zote zizungumze na makao makuu Dar es Salaam bila kusuasua. Ila hela ya ruta hana. "Wewe si mtaalamu bwana," akaniambia, "si kuna hizi ruta za ndani ya kompyuta? Jaribu humo kwanza, ukifaulu ndipo tuombe bajeti." Bosi akianza kukuita mtaalamu, jua mfuko mtupu.

Basi matawi yote ya kampuni sasa yamehamia kwenye meza yangu ya chakula, ndani ya laptopu moja iliyochoka. Kila ruta pepe inadai RAM yake, kivinjari nacho kinadai yake, na nikiwasha Mbeya, Mwanza inaganda. Mama Neema ameshaniuliza hiyo feni italipuka saa ngapi, ahamishe watoto.

Nilianza na GNS3, programu ya kujengea mitandao ya kuigiza, ambayo ndani yake kuna Dynamips, programu aliyoianza Christophe Fillot kule Ufaransa mwaka 2005. Kazi yake ni kuziiga ruta za zamani za Cisco mpaka prosesa zao. Kwa ufundi huo apewe maua yake. Lakini ruta inayoigwa hivyo haijui kupumzika. Hata kama hakuna pakiti inayopita, inaizungusha prosesa yangu kwa asilimia 100, muda wote ikitafuta kama kuna kazi. Dawa ni kuitafutia namba inayoitwa Idle-PC, inayoionyesha programu mahali ruta inapozunguka bila shughuli, ili ifikapo hapo isinzie. Yaani nimesomeshwa kwa jasho la wazazi ili nije nizibembeleze ruta zilale.

Nikahamia VyOS, ruta ya programu huria inayokaa juu ya Linux, nikazifundisha zote OSPF ili zipashane habari za njia. Kwa mipangilio ya kawaida ya OSPF, majirani husalimiana kila sekunde 10. Ukinyamaza sekunde 40, jirani anakutangaza marehemu. Hakuna kupiga simu kuulizia, hakuna kamati ya mazishi, hakuna daftari la michango. Unafutwa, na mizigo inapitishwa kwingine. Haraka yao naipenda, kinachoniudhi ni kuisubiri. Waya wa kweli ukichomoka, taa ya mlango inazimika na ruta inajua papo hapo. Huku kwenye waya wa kufikirika, nikiizima Mwanza, mlango wa Dar unaendelea kudai kila kitu ni kizima, na sisi wote tunakaa matanga mpaka arobaini iishe.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni uzuri wa mtandao wenyewe. Nilipima kutoka Dar hadi Kigoma, jibu likarudi chini ya milisekunde 2. Sasa tupige hesabu. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 10, hata ukiweka waya ulionyooka kama rula. Kwa hiyo mimi, hapo mezani, kati ya kopo la chumvi na kawa, nimeushinda mwanga. Hakuna aliyenipongeza.

Na mtandao wa hivyo haukuambii kitu. Programu ya uhasibu itakayoteleza humo kwa raha zake ndiyo hiyo hiyo itakayokaba watu koo ikifika Kigoma. Ikabidi niuharibu. Linux ina chombo cha kazi hiyo, netem: unakiamuru kicheleweshe kila pakiti milisekunde 40, kiyumbishe kidogo, na katika kila pakiti 100 kidondoshe 1 njiani. Kinatii. Ila kinagusa zinazotoka tu, zinazoingia hazikihusu, kwa hiyo inabidi uzunguke upande wa pili ukaharibu na kule. Kumbe na ubovu una utaratibu wake. Nikajaribu hata enzi za kabla kebo ya SEACOM haijatia nanga pwani yetu mwaka 2009, tulipokuwa tunategemea setilaiti zilizoning'inia kilomita 35,786 juu ya ikweta: zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Naandika herufi, naisubiri itokee. Sijaimiss hata kidogo.

Neema, ambaye video yake ilikuwa ikizungusha kale kaduara tangu tumalize kula, akaja kuchungulia.

"Baba, unafanya nini?"

"Naupunguza kasi mtandao, mwanangu."

Akaitazama simu yake, akanitazama mimi. "Si uunganishe tu na huu wa hapa nyumbani?"

Nikamwambia akalale.

Siku ya maonyesho, bosi alikaa dakika mbili tu akakunja uso. "Mbona unavuta hivi?"

"Mzee, hivi ndivyo itakavyokuwa Kigoma."

"Nani kakutuma uweke Kigoma ya hivyo? Toa."

Nikaitoa netem. Mafaili yakaruka kutoka tawi hadi tawi kabla hajainua kidole kwenye kipanya. Akacheka, akanipiga bega, akaita na wenzake waje waone. "Huu sasa ndio mtandao! Laini ya kulipia kila mwezi ya nini? Hiyo laptopu ipelekwe Kigoma."

Nilidhani ni utani. Jana mhasibu kanipigia, anataka kujua kama nitaondoka na treni au basi, na kama hiyo laptopu inahitaji siti yake.