Sifa za Mkweche Wangu

Wapo wanaosifu mchele wa Kyela, wapo wanaosifu wakwe zao. Mimi leo nausifu mkweche wangu. Ni Yamaha DT 125, pikipiki ya porini, iliyowabeba mabwana shamba wa mradi fulani mpaka mradi ukafa, ikapigwa mnada, ikaangukia kwa dalali, na kwa laki nane taslimu ikawa mali yangu yenye kadi.

Nianze na ukarimu wa dalali yule. Nilipofika kuuona, hapa hapa Morogoro, nilikuta injini imeshapashwa moto. Wenye dhana mbaya husema pikipiki kuukuu uikute ya baridi na uiwashe mwenyewe, kwa kuwa injini iliyochoka huwaka kwa hiari ikiwa ya moto na hugoma ikipoa. Mimi niliona mtu aliyeuhurumia mguu wangu. "Mzee wangu, hiki ni chuma," akasema, akalipiga tangi kofi. Kutu ikadondoka. Akaipangusa kwa kiganja, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi.

Kesho yake, kwangu, nilipiga kiki arobaini na mbili. Wasanii wanahangaika mjini kutafuta kiki. Mimi ninazo za kugawa. Paja langu la kulia sasa limelizidi la kushoto, na fundi cherehani ameshaniuliza kulikoni.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kwangu methali hiyo haikuhitaji mfasiri. Wiki niliyonunua pistoni na ringi, mama watoto aliunyanyua mtungi wa gesi kwa vidole viwili, akanitazama, akaurudisha chini bila neno. Tulikula mihogo ya kuchemsha kwa kuni siku nne.

Lakini pistoni hiyo, jamani! Ubavuni mwa mkweche pameandikwa 125. Kaa chini na kalamu: silinda ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 56, pistoni husafiri milimita 50, na jibu ni sentimita za ujazo 123. Mbili hazionekani. Sasa, silinda ikilika huchongwa ipanuke, robo milimita kwa robo milimita, ikavishwa pistoni nene kidogo. Ya kwangu imechongwa mara mbili. Imefika 56.50, na nimeipigia hesabu usiku, watu wamelala: 125 na ushei. Wengine huzeeka wakisinyaa. Mkweche wangu umezeeka ukanenepa, hadi ukalifikia jina ulilozaliwa nalo. Nionyesheni pikipiki mpya dukani yenye adabu hiyo.

Mkweche hunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwani injini yake haina bwawa la oili chini la kulainishia pistoni. Ipo pampu ya kuchanganya, ambayo Yamaha walianza kuifunga kwenye pikipiki zao mwaka 1964. Ya kwangu ilistaafu zamani, kwa hiyo nachanganya kwa mkono: mililita 25 kwa kila lita, napima kwa bomba la sindano. Nikizidisha, unatoka moshi wa buluu ambao mbu wa mtaa mzima wanaujua. Majirani wangelipia dawa.

Na wizi? Mwizi awe na subira ya Ayubu. Hata wa kuuazima sina tena. Jirani mmoja alikuja kuuomba aende msibani, nikampa ufunguo kwa moyo mweupe. Alipiga kiki ishirini, kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu: ya ishirini na moja ulipasuka kwa ekzosi kama gobori, kuku wakaruka ukuta, kisha kimya kile kile. Akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili, akaenda kwa miguu.

Mkweche pia umenipa jamaa. Fundi wangu chini ya mwembe ananijua kuliko shemeji zangu. Juzi aliifungua kabureta, akaitoa jeti, kijidude kama hereni ya shaba, akaielekeza juani. "Mwalimu, unaona mwanga?" Sikuona. Akachomoa uzi mmoja wa waya wa klachi, akachokonoa, akapuliza kwa mdomo, akanipa tena. Ndani ya kitundu kile palikuwa na nukta ya mbingu. Vitabu vinakataza kuchokonoa kwa waya, tundu lisije likapanuka. Vitabu havijawahi kukosa jeti ya DT Morogoro siku ya Jumapili.

Nisiseme uongo, kuna siku sifa hizi nazitoa bila kujitafuna ulimi. Masika iliyopita nilikuwa njia ya Mgeta, ukitokea Mzumbe, pale inapopanda na udongo kugeuka sabuni. Bodaboda mpya zilikuwa zimelala ubavuni na magunia ya kabichi. Mkweche, kwa gurudumu lake la mbele la inchi 21, ulipanda ukilalamika, ukirusha matope, ukanivusha hadi juu pasipo kuweka mguu chini. Vijana wakapiga miluzi. Nilipandisha mabega kama niliyeuunda mwenyewe. Ulizimika mbele kidogo, kwenye tambarare, mbele ya duka la soda, na wale wale walionipigia miluzi ndio walionisukuma.

Mpaka leo nimeshatumia laki tisa kuutengeneza mkweche wa laki nane. Mama watoto ndiye aliyeniandikia hesabu hiyo, kwa chaki, kwenye mlango wa stoo.

Kama kuna msomaji mwenye kabureta ya DT 125, hata iliyokufa nusu, apite chini ya mwembe. Atanikuta. Tangu juzi haujawaka.