Italia Ndani ya Daftari la Mwalimu

Majira ya joto ya mwaka 2009, mume na mke kutoka Sweden waliamua kwenda Capri. Wakaandika jina hilo kwenye kifaa cha gari cha kuelekeza njia, herufi mbili zikapishana, nacho kikawapeleka Carpi bila ubishi. Capri ni kisiwa karibu na Napoli, mashuhuri kwa pango ambalo maji yake hung'aa rangi ya samawati. Carpi ni mji wa viwanda ulio bara, jirani na Modena, na ukiwa hapo pango lenyewe umeliacha zaidi ya kilomita 600. Waswidi hao waliingia ofisi ya utalii ya Carpi wakauliza pango liko upande gani. Habari ilipozagaa duniani, kilichowastaajabisha maofisa wa mji ule ni kwamba watu wametoka kwenda kisiwani, wamefika, na hakuna aliyejiuliza mbona hawakuvuka maji.

Kisa hicho anakipenda mno mzee mmoja wa Malindi, mpishi mstaafu wa hoteli, kwa kuwa kinamhakikishia kwamba wapo waliosafiri Italia kwa mipango mibovu kuliko ya nyumbani kwake.

Malindi yenyewe ina uhusiano wa siku nyingi na Italia. Miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha kurushia satelaiti pale Ngomeni, kaskazini ya mji, na baadaye wakaja wenye hoteli, wenye nyumba za ufukweni na watalii wao. Leo kijana wa pwani anaweza kukupa "ciao" kabla hajakupa "mambo". Mzee alifanya kazi kwenye majiko ya watu hao mpaka nywele zikawa nyeupe, na Kiitaliano chake ni cha jikoni hasa. Anaweza kumgombeza mtu aliyepitisha tambi motoni kwa ufasaha wa kutisha. Kuulizia treni inaondokea jukwaa namba ngapi, hawezi.

Mkewe alisomesha shule ya msingi hadi kustaafu, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Mumewe naye humwita hivyo hivyo. Binti yao anayefanya kazi Bologna alipowaalika kwa wiki tatu, mwezi wa Agosti, kwa sababu ndio mwezi wake wa likizo, Mwalimu hakununua sanduku kwanza. Alinunua daftari. Akalipiga mistari ya azimio la kazi: wiki, kipindi, mada, shabaha, nyenzo, maoni. Roma ikawa mada. Kanisa la Mtakatifu Petro likawa kipindi cha pili.

Haki ya Mungu, kosa si lake peke yake. Anayeomba viza ya Schengen hutakiwa kuonyesha tiketi, mahali atakapolala, taarifa za benki, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na maombi hayapokelewi kabla ya miezi sita wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Maana yake ni kwamba kabla hujajua kama utaruhusiwa kwenda, inakupasa ujue usiku wa tarehe 17 utakuwa kitanda gani. Ratiba ya namna hiyo ni kama barua ya posa: kila kitu kimenyooka, hakuna anayeumwa magoti, hakuna anayegombana na mwenzake juu ya choo cha stesheni. Ubaya ni pale familia inapoanza kuiamini barua yake yenyewe.

Mzee alikuwa na mchango wake. Hakuwa na orodha ya majumba wala makumbusho. Alikuwa na orodha ya watu waliowahi kumwambia "siku moja uje kwetu". Bwana wa Bergamo aliyependa kaa wake. Bibi wa Lecce aliyelia siku ya kuondoka. Kutoka Bergamo hadi Lecce ni karibu kilomita 1,000, kaskazini kabisa hadi kwenye kisigino cha nchi, lakini Mzee alikuwa akiitazama ramani iliyomo ndani ya kitabu, na kwenye kitabu ni shibiri moja. Kitabu chenyewe kiliachwa na mgeni chumbani miaka hiyo, na bei zake zote zilikuwa za lira, sarafu iliyoondoka mikononi mwa watu mwaka 2002. Mwalimu alikaa jioni nzima akishangaa kikombe cha kahawa kinavyogharimu zaidi ya elfu, mpaka akaanza kuwaonea huruma Waitaliano.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na miji 14. Binti aliisoma, akatuma sauti kwenye simu.

"Mama, shikamoo. Hii ni likizo au ni kampeni?"

Ikaanza kazi ya kukata. Bergamo ikaenda, Lecce ikaenda. Vile vijiji vitano vya Cinque Terre vilikatwa binti alipoeleza kwamba kutoka stesheni hadi kijiji cha Corniglia kuna ngazi 382, na baba yake akaomba suala hilo lisirudiwe. Mzee alisalimisha kila kitu isipokuwa Sicily. Mgeni mmoja aliwahi kumwambia kwamba treni ya kwenda huko hupanda meli, yenyewe, pamoja na mabehewa na abiria wake. Mzee alimwona mwongo, akamwongezea supu kwa adabu, na tangu siku hiyo alikuwa anatafuta nafasi ya kulithibitisha jambo hilo.

Kilichobaki kilionekana kinatosha, na kwa miji kilitosha. Kilichowashinda ni kalenda. Tarehe 15 Agosti Waitaliano wana Ferragosto, sikukuu ambayo jina lake linatokana na mapumziko yaliyoanzishwa na Kaisari Augusto mwaka wa 18 kabla ya Kristo, na ambayo Kanisa linaiadhimisha kama siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Juma lile wenyeji huhamia baharini na milimani, na milango ya maduka hubandikwa karatasi ya kusema tuko likizo. Ndilo juma ambalo Mwalimu aliliandikia, kwa wino mwekundu, "Bologna: masoko na maduka". Walitembea chini ya zile baraza ndefu za mji wakisoma karatasi mlango hadi mlango. Kufika ya sita Mwalimu alikuwa anaitamka vizuri sana.

Florence aliiweka Jumatatu. Kwake yeye, baada ya miaka yote ya ubao na chaki, Jumatatu ndiyo siku ya kuanza jambo zito. Basi Jumatatu ndiyo siku makumbusho ya Uffizi hufungwa, na Accademia yenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo hufungwa pia. Kule Milan, Karamu ya Mwisho ya Leonardo nayo haionekani Jumatatu, na siku nyingine huingiwa kwa makundi madogo, dakika 15 kila kundi, kwa tiketi zinazomalizika mapema mno. Makumbusho ya Vatikani yamepishana na wenzao: hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambapo kuingia ni bure na foleni yake unaweza kuijua bila kuelezwa. Aliyewahi kupanga ratiba ya mitihani ya shule yenye madarasa pungufu angeyaweza haya, na Mwalimu alishaipanga mara nyingi. Ila huko shuleni alikuwa anajua ni mlango gani umefungwa.

Safari hiyo ya Florence ndiyo iliyoleta kizaazaa cha saa. Kwenye daftari kulikuwa na miandiko miwili. Mwalimu aliandika saa kama Mswahili yeyote: treni ya asubuhi na mapema ni 1:05, maana ni saa moja na dakika tano. Binti, aliyezoea ya huko, alijaza safari nyingine kama zilivyo kwenye tiketi. Ukurasa ule wa Jumatatu ulikuwa wa binti, na ulisema 7:20. Mzee akausoma usiku, akaona saa saba na dakika 20, mchana. Akazima taa kwa raha. Binti alikuwa ametangulia kwa rafiki yake Florence tangu Jumapili, na asubuhi alisimama stesheni akihesabu wanaoshuka hadi wakaisha. Akapiga simu.

"Baba, mko behewa gani?"

"Behewa? Mama yako ndiyo kwanza anachuja chai."

Uzuri wa njia ile ni kwamba treni za kasi ni nyingi na safari haizidi sana nusu saa, kwa hiyo kabla ya adhuhuri walikuwa Florence, wakiwa wamelipia tiketi mara mbili kwenda kuona makumbusho yaliyofungwa. Ukilitazama kwa utulivu, kuchelewa hakukuwapotezea kitu. Mwalimu hakulitazama kwa utulivu. Alitembea hatua tatu mbele ya mumewe mpaka kwenye kanisa kuu, lile lenye kuba la Brunelleschi, ambalo siku hiyo lilikuwa wazi.

Ndani, juu ya mlango mkubwa, ukigeuka kutazama ulikotokea, kuna saa ya ukutani iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Pembeni ina vichwa vinne vya watu vinavyoitazama. Uso wake umegawanywa sehemu 24, namba zinaanzia chini, na mshale wake ni mmoja tu, wenye nyota, nao huzunguka kinyume na saa za kawaida. Hesabu yake huanza jua linapozama, kwa maana ndivyo Waitaliano walivyohesabu saa kwa karne nyingi: siku inakwisha maghribi, na saa inayofuata ni ya kwanza. Binti alisoma maelezo hayo kwa sauti na kuyafasiri. Mzee akasimama katikati ya kanisa, mikono nyuma, akiwa na sura ya mtu aliyeshinda rufaa.

"Unaona? Saa moja ni baada ya jua kuzama. Mababu zao walikuwa wanajua. Waliopotoka ni hawa wajukuu."

Mwalimu alikataa kucheka kwa dakika nzima. Kisha wakajadiliana kuhusu kupanda kwenye kuba, ambalo daftari lililitengea dakika 20. Ngazi ni 463, hakuna lifti. Kipindi kikaahirishwa.

Kuhusu migomo ya treni, jambo linalowatia hofu wapangaji wengi, Mwalimu ndiye pekee katika familia aliyefurahi. Aligundua kwamba Italia migomo hutangazwa mapema, wizara huiorodhesha kwenye kalenda, na siku za kazi kuna saa ambazo treni za mikoani lazima ziende: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku. Yeye ni mtu aliyekaa nyumbani kwa migomo ya walimu ambayo hakuna aliyejua inaisha lini. Mgomo wenye ratiba alikuwa hajauona, akaunakili wote daftarini kwa heshima. Hakuna uliowakuta.

Venice waliilipia kabla ya kufika, kwa mawazo. Tangu 2024 mji huo hutoza wageni wa kutwa kuanzia euro 5 katika siku zilizochaguliwa, na Mwalimu alishatenga euro 10 za watu wawili. Kumbe Agosti haikuwamo katika siku hizo, na wao walikuwa wanalala huko, kwa hiyo wasingedaiwa hata kidogo. Zilikuwa pesa pekee zilizookoka katika bajeti nzima. Akazihamishia kwenye boti ya abiria, ambayo tiketi yake ya dakika 75 ni euro 9.50 kwa kila mtu, zikamtosha mtu mmoja. Huo ni mji wenye madaraja zaidi ya 400, na la karibu na stesheni, lililofunguliwa mwaka 2008 kwa mchoro wa Santiago Calatrava, lilijengwa kwa ngazi za kioo. Watu waliteleza miaka na miaka, hadi mji ukaamua kuziondoa na kuweka jiwe. Sanduku la Mwalimu lilikuwa na magurudumu manne mazuri. Magurudumu hayapandi ngazi.

Na chakula? Hapo Mzee alikuwa nyumbani, na hapo ndipo alipoteseka zaidi. Bologna imeandikisha mapishi rasmi ya ujazo wa tortellini, aina ya tambi, kwa mthibitishaji tangu 1974: nyama ya nguruwe, prosciutto, mortadella, jibini, yai, kungumanga. Katika orodha hiyo Mwislamu anabaki na jibini, yai na kungumanga. Mzee amezipika kwa mikono yake tangu ujana bila kuzionja, akiongozwa na harufu na uso wa mteja. Alikaa mkahawani akiwatazama watu wa meza ya pili wakila, akikunja uso, akaguna, na hatimaye akamwita mhudumu kumwambia, kwa kile Kiitaliano chake kikali, kwamba mchuzi ule umetolewa motoni mapema. Alikuwa na sahani ya saladi. Mhudumu akaenda kumwita mpishi. Walizungumza nusu saa, na binti anasema hajawahi kumwona baba yake akiwa na furaha kiasi hicho tangu astaafu.

Safari ya Sicily ilikuwa ya usiku. Pale Villa San Giovanni treni ilisimama, ikarudi nyuma, ikasonga mbele, ikarudi tena, ikikatwa vipande vipande na kusukumwa kwenye reli zilizo ndani ya tumbo la meli. Mlango wa bahari wa Messina, mahali pembamba zaidi, ni kama kilomita tatu. Abiria wanaruhusiwa kushuka na kupanda sitahani, na wengi huenda huko kununua arancini, wali uliofinyangwa na kukaangwa. Mzee hakwenda. Alibaki chini gizani kati ya mabehewa, simu juu, akirekodi minyororo, vyuma na watu wanaosukumana kutafuta ngazi, ili wapishi wenzake wa Malindi wasije wakasema ameongopa.

Video aliituma kabla hawajatia nanga. Jibu la kwanza lilitoka kwa aliyekuwa msaidizi wake jikoni, kijana wa Mombasa.

"Mzee, shikamoo. Nimeitazama mara mbili. Hiyo ni feri ya Likoni."