Waifai ya Nyumbani Yashukiwa Wizi

Kila nikiwasha kompyuta linanirukia dirisha jekundu la programu ya ulinzi katikati ya kioo: mtandao huu hauaminiki, jihadhari. Mtandao wenyewe ni waifai ya nyumbani kwangu, hapa hapa Mwabungo. Bili nailipa mimi. Ruta iko juu ya kabati la vyombo, naiona nikiwa nimeketi, vitaa vyake vinapepesa kwa adabu zote. Wanaoutumia ni mimi, mke wangu, mpwa wangu, na vijana wa bodaboda pale njiani ambao sijui paswadi waliipata wapi, ingawa nikimuuliza mpwa wangu huanza kutazama vidole vya miguu yake. Sasa katika hao, asiyeaminika ni nani? Programu haisemi. Ingetaja jina angalau tukaitana baraza.

Fundi mmoja wa Ukunda alinifafanulia mambo, na tangu hapo hasira zimezidi. Kumbe kompyuta haiujui mtandao kwa jina lake, maana jina ni bure. Hata mwizi akijibanza nje na ruta yake anaweza kuipa jina la waifai yangu. Basi kompyuta inakariri nambari ambayo kiwanda kimeitia ndani ya ruta. Si haba, mpaka uijue stima ya huku kusini. Inakatika magharibi, inarudi usiku kwa kishindo, na kila ikirudi hivyo ina kitu inachokichukua: leo balbu, kesho ruta. Unakwenda mjini unanunua nyingine, unaipa jina lilelile na paswadi ileile, unaipandisha juu ya kabati lilelile. Kompyuta inaitazama nambari mpya na kuguna: huyu simjui. Kwetu Udigoni mgeni huulizwa mama yake ni nani na nyanya yake ni wa wapi, na kabla kahawa haijaisha mmeshakuwa ndugu. Programu haina subira ya kahawa.

Anwani nayo haisaidii. Zile tarakimu 192.168.1.1 ambazo ndizo mlango wa ruta yangu, ndizo za jirani, ndizo za mtu wa Lunga Lunga, na ndizo za mtu wa Toronto ambaye hata mwembe hajauona. Tangu miaka ya 1990 namba za ukoo huo zimetengwa ili kila nyumba na kila ofisi ijitumilie bila kumwomba mtu ruhusa. Dunia nzima tunakaa nyumba moja, na bado naulizwa mimi ni nani.

Lingekuwa onyo tu ningelifunga nikaendelea na kazi. Lakini mtandao ukishabandikwa kwamba ni wa umma, programu inaziba njia zote ili vifaa vya humu ndani visionane. Juzi alikuja bi mkubwa wa nyumba ya pili na barua ya mchango wa mjukuu wake anayeingia chuoni.

"Mwanangu, nitolee nakala chache tu, watu wananingoja."

Nikabonyeza. Printa haipatikani. Nikabonyeza tena. Haipatikani. Printa iko pale mezani, naigusa kwa kiwiko. Bi mkubwa akaitazama, akanitazama mimi.

"Si hiyo hapo?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Sasa inatafuta nini?"

Hatimaye barua ikatiwa kwenye flashi, mpwa wangu akapanda boda mpaka saiba ya Ukunda. Na hebu ona akili ya ulinzi huu: imeninyima printa yangu kwa ajili ya usalama, kisha ikanisukuma kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imechomekwa flashi za lokesheni nzima. Nakala zilikuja safi. Flashi nayo ilikuja na mafaili ambayo hakuna aliyeyaandika. Nilipoichomeka, programu ikapiga kengele kwa furaha: nimekamata kirusi! Ikataka na pongezi.

Nisiionee. Hofu yake ina asili. Mwaka 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alionyesha kwamba WPA2, kufuli ambalo karibu waifai zote za majumbani zilikuwa zikilitegemea, lilikuwa na ufa, na mtu aliye karibu angeweza kuchungulia yanayopita hewani. Kampuni zikakimbizana kuuziba. Lakini zingatia hapo: sharti mtu huyo awe karibu. Mimi nataka nimwone atakayejibanza karibu na nyumba ya mtu Mwabungo na mashine yake mapajani bila kupigiwa hodi na watoto, mbuzi, na mzee anayetaka kujua amekuja kwa nani.

Hata kuta zangu zimeniponza. Ni za mawe ya matumbawe, nene, na waifai haipenyi ikafika barazani. Nikaweka kidude cha kusukuma mawimbi, nacho nikakipa jina lile la ruta ili simu zisibabaike. Programu ikaona jina moja na nambari mbili, ikatangaza kwamba kuna mtandao bandia unaojifanya wangu. Barazani wakati huo alikuwapo mke wangu, anachambua mchicha. Nilimsomea mashtaka. Akaniambia nimalize kukuna nazi.

Na tukienda Diani, kwenye hoteli moja ya ufuoni ambako waifai haina hata paswadi na wageni wanapishana kutoka pembe zote za dunia, programu ni kimya. Tulikwenda harusini pale zamani, mpwa wangu akabonyeza "uamini mtandao huu" ili arushe picha za bibi harusi upesi. Tangu siku hiyo, hoteli ni nyumbani na nyumbani ni hotelini.

Benki yangu nayo ina kichaa cha aina yake. Nyaya zinazotuletea intaneti kutoka baharini, TEAMS na SEACOM tangu 2009, zinatua Mombasa, ng'ambo ya feri tu. Hata hivyo katika daftari za wenye mitandao laini yangu imeandikwa Nairobi, kwa hiyo kila nikilipa kitu napelekwa bara nikiwa nimevaa kikoi.

Wiki hii muda wa programu ya ulinzi umekwisha. Dirisha limegeuka la njano, linabembeleza: lipia usibaki uchi. Nikaingiza kadi. Benki ikayazuia malipo na kuniletea ujumbe: kuna mtu yuko Nairobi anajaribu kununua programu ya kutiliwa shaka kwa kadi yako, je, ni wewe?

Nimebonyeza hapana.