Muulize Yaya: Vyuo Viwili, Kijana Mmoja

Matokeo ya Exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yametoka, poda imemwagwa vichwani mwa waliofaulu, bia imenyweka, na sasa meza yangu imejaa barua. Juma hili sijibu habari za waume wanaochelewa kurudi, wala za wapangaji wa Kamalondo wanaogombania umeme. Wenye mambo hayo wavumilie kidogo. Juma hili ni zamu ya vyuo.

*Yaya, jambo sana. Niko na miaka 19, naishi Katuba. Nimekubaliwa Poly, fakalti ya uhandisi ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), upande wa migodi, na Copperbelt University kule Kitwe, migodi vilevile. Baba mdogo, anayepitisha mizigo ya watu mpakani Kasumbalesa, anasema atalipa yote nikienda Zambia. Mama anasema nikienda huko nitarudi nimesahau Kifaransa na nimeoa. Nichague wapi? – Mwenye Bahati Mbili*

Bahati wangu, kwanza umefanya vizuri kutoniletea ile methali ya fisi na njia mbili. Fisi alipasuka msamba kwa kuwa hakuwa na baba mdogo wa kumlipia njia moja.

Mama yako anazungumza kana kwamba Kitwe iko ng'ambo ya bahari. Kitwe iko karibu na Katuba kuliko Kolwezi. Saa yao ni saa yetu, wakati Kinshasa, mji mkuu wako mwenyewe, iko nyuma kwa saa nzima, na kufika huko ni mambo ya ndege. Kibemba utakisikia sokoni kama unavyokisikia soko la Kenya (wasomaji wa mbali, Kenya ninayoisema ni komini yetu ya Lubumbashi; Nairobi haihusiki). Bukari wanaiita nshima, na inashibisha vilevile. Kitakachokushtua ni magari: ukishavuka Kasumbalesa tu yanahamia kushoto, basi kabla ya kukatisha barabara tazama kote kote. Ama habari ya kuoa, mwambie mama kwamba wanaooa kabla ya kumaliza masomo nimewaona Kasapa, kampasi ya UNILU, kwa wingi, na hawakuhitaji pasipoti.

Kwenye lugha ndipo mama ana hoja, ingawa nusu. Tangu shule ya msingi umefundishwa hesabu kwa Kifaransa. Kitwe mwalimu atakueleza mambo yaleyale kwa Kiingereza, na mwaka wa kwanza utatoka jasho. Lakini itazame kazi unayoitafuta. Gécamines ya babu yako, iliyozaliwa Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967, ilitoa amri kwa Kifaransa na matusi kwa Kiswahili. Leo Tenke Fungurume iko mikononi mwa CMOC ya China, na Kamoa-Kakula ni ubia wa Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China, serikali yetu ikishika kipande chake. Mhandisi kijana ataingia mkutano unaoendeshwa kwa Kiingereza, atoke amkute mkaguzi wa kazi anamsubiri na karatasi za Kifaransa. Atakayekuajiri atakutaka uwe na lugha zote mbili. Jua pia kwamba diploma ya nje ukirudi nayo huku lazima ilinganishwe na ya nchi, na mhuri wa kulinganisha uko wizarani, Kinshasa. Foleni za Kinshasa unazisikia.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe, maana hayo yote hukuyauliza kwa kweli. Wewe unauliza kama baba mdogo atalipa.

Alisema lini kwamba atalipa yote? Kama alisema siku ya poda, chupa ikiwa mezani na shangazi zako wakipiga vigelegele, hiyo si ahadi, hiyo ni hotuba. Na mfuko wake unategemea kizuizi cha mpakani kupanda na kushuka. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache, mzozo ukianzia katika katazo la Kongo la kuingiza bia na soda. Umeona? Mwanafunzi anaweza kukosa kodi ya chumba Kitwe kwa sababu ya chupa ya soda.

Mwombe baba mdogo kwa heshima alipe karo na chumba cha mwaka wa kwanza, mwaka mzima, kabla hujapanda basi. Risiti uione kwa macho yako. Akilipa, nenda Kitwe, na usiku jisomee Kifaransa. Akianza "tutaona, mtoto wangu", jiandikishe Kasapa bila kinyongo, na usiku jisomee Kiingereza. Pesa ikikatika ukiwa Kasapa, bado una kitanda Katuba na sahani ya bukari. Ikikatika ukiwa Kitwe, una kibali cha masomo na njaa.

Na ukiishia Kasapa, babu yako umweleze taratibu habari ya LMD, mfumo mpya wa licence, master na doctorat. Zamani aliyeitwa mwenye licence alikuwa amesoma miaka 5: mitatu ya graduat, miwili ya licence. Tangu mageuzi ya mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka 3. Usipomwambia mapema atadhani umefukuzwa.

*Yaya mpenzi, nimekubaliwa Lettres (fasihi) pale UNILU na informatique pale Salama. Mchumba wangu anasoma Salama. Je, nifuate moyo? – Msichana wa Bel-Air*

Moyo upi, binti? Barua yako ina kurasa tatu. Mbili na nusu ni vitabu ulivyosoma, na kompyuta zimepata mstari mmoja: "zina kesho nzuri". Mchumba naye amepata mistari miwili, mmoja wa viatu vyake.

Wazee wako hawakuwa na tatizo hili. Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi vikawa kimoja, UNAZA, kisha fakalti zikagawanywa kati ya miji. Lettres ikaangukia Lubumbashi. Kijana wa Kinshasa aliyependa fasihi akajikuta Kasapa, akitetemeka baridi ya Juni, mchumba amebaki Kinshasa na anwani ya posta. Hakuna aliyemuuliza moyo wake unasemaje. Kasapa ndiko alikofundisha mwandishi V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, kabla ya kwenda Marekani. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na tangu hapo mnachagua wenyewe. Ndiyo maana mimi napata barua.

Salama ya Wasalesiani ni pahali pazuri kwa mtu anayekesha na mashine mpaka itii. Wewe si mtu huyo. Nenda Lettres, lakini ukijua kwamba ukimaliza hakuna atakayekusubiri mlangoni na mkataba. Mshahara wa mwalimu unaujua, mama yako ni mwalimu. Na huyo mchumba, Salama na Kasapa ziko mji mmoja. Mapenzi yasiyoweza kupanda taxi-bus kuvuka Lubumbashi, hata mkikalia benchi moja hayatafika muhula wa pili.

*Mheshimiwa, mimi ni baba. Binti yangu amekubaliwa UNILU na chuo kimoja cha binafsi hapa mjini. Nimemwambia cha binafsi kinafundisha vizuri zaidi. Kusema kweli sijui. Nilikuwa mwanafunzi Kasapa mwaka 1990. – Baba, Kampemba*

Baba, nakusalimu kwa heshima.

Vijana wanaosoma ukurasa huu huenda hawajui. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa ndani ya mabweni ya Kasapa. Serikali ya Mobutu ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi, wengine mamia, na hesabu haijakubaliwa hadi leo. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, ikakataliwa, ushirikiano ukavunjika.

Hofu yako ina sababu, lakini usiivike nguo za ubora wa masomo. Binti atakwenda kuuliza maprofesa, ataona mambo sivyo ulivyosema, na atabaki akijiuliza baba anaficha nini. Mketishe umsimulie. Kisha, ukiweza, nendeni Kasapa pamoja siku ya kazi, umwonyeshe bweni ulilolala. Baada ya hapo mwache achague, na kama atachagua Kasapa, alale nyumbani Kampemba mwaka wa kwanza. Nauli ya kila siku ni bei ndogo kwa usingizi wako.

*Yaya, nimelipa minerval (karo) ya vyuo vyote viwili ili nisikosee. Sasa vipindi vinagongana. – Mjanja, Ruashi*

Mjanja, pesa iliyoingia kwenye akaunti ya chuo hairudi, iage. Uliza mwanafunzi wa L3, mwaka wa tatu wa licence, katika kila chuo swali moja tu: "Ulianza mwaka gani, na ulipaswa kumaliza lini?" Baki kule wanakochelewa kidogo zaidi.

Nafasi imekwisha. Wazazi, nawaomba jambo moja: acheni kuniandikia mkijifanya watoto wenu. Hakuna kijana wa miaka 18 Lubumbashi anayeanza barua kwa "Nina heshima kubwa ya kukuletea ombi langu".