Jinsi ya Kumkamata Mrushaji Asiye na Leseni Aliyejificha Sebuleni Kwako

Nyumbani kwako kuna mtu anarusha mawimbi ya redio usiku na mchana. Hana leseni, hana alama ya wito, hajawahi kujitambulisha hewani, na amekalia masafa ya watu. Huenda wako watatu au wanne, na wote unawalisha umeme wewe. Fuata mwongozo huu na utawatia mbaroni kabla ya chakula cha usiku.

Silaha unayohitaji ni redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati, ile ambayo wazee bado wanaiweka sikioni wakisikiliza mpira. Redio ya kwenye simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu ni ya FM, na FM kwa maumbile yake huzikwepa kelele tunazozisaka. Tafuta kwenye masafa ya kati mahali pasipo na kituo chochote, kisha ongeza sauti. Mvumo laini wenye mikwaruzo ya hapa na pale ni wa halali: hiyo ni anga na radi za mbali, na hakuna mahakama itakayozihukumu. Unachotafuta ni mlio usiokoma, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa.

Sasa zima swichi kuu ya nyumba. Toa taarifa kwanza, hasa kama kuna mtu katikati ya tamthilia. Mlio ukikatika pale pale, mhalifu ni wa ndani. Ukiendelea, yuko nje, na habari zake zitafuata. Washa sakiti breka moja moja huku redio iko mkononi. Breka inayourudisha mlio imekuonyesha chumba. Ingia chumba hicho, chomoa kila kitu, kisha anza gwaride la utambulisho: chomeka kimoja, sikiliza, chomoa, chomeka kingine. Ukitaka kujua anakotokea bila kuchomoa, igeuze redio taratibu mpaka mlio ufifie. Antena ya masafa ya kati ni kijiti cha feraiti kilicholala ndani ya redio, na kijiti hicho huwa kiziwi upande wa ncha zake. Kelele ikizama, ncha zinamnyooshea mtuhumiwa kidole.

Watuhumiwa wa kudumu wanajulikana. Yumo chaja ya simu ya barabarani, balbu ya LED ya bei ya kutupa, adapta ya king'amuzi, ya ruta na ya kompyuta mpakato. Usimwachie king'amuzi kwa sababu amezimwa kwa rimoti. Adapta yake bado iko kazini. Mwenye sola asisahau kidhibiti cha chaji na inveta. Hao wana tabia inayowafichua: kelele inayoamka na jua na kulala jua linapozama haihitaji upelelezi zaidi.

Hapa inabidi nieleze kosa lenyewe, kwa sababu mtu asiadhibiwe bila kusomewa mashtaka. Chaja hupokea umeme wa volti 230 unaobadilika mara 50 kwa sekunde, ikaunyoosha, kisha ikaukatakata kwa kasi kubwa sana, tuseme mara 65,000 kwa sekunde, ili iupunguze kwa kutumia transfoma ndogo. Ndiyo maana chaja za leo ni nyepesi. Lakini umeme unaokatwa kwa ukali namna hiyo hauishii kwenye kilohezi 65. Huzaa mazao kwenye kila kigawe cha namba hiyo: 130, 195, 260, na kuendelea. Zao la 108 linaangukia kilohezi 7,020, ndani kabisa ya mahali ambapo watu wa redio za ridhaa huzungumza kutoka bara hadi bara. Waya wa umeme wa nyumba yako umekuwa antena, na antena yenyewe ni ndefu na nzuri.

Mhandisi aliyebuni chaja hiyo alijua. Kwenye mchoro wake aliweka chujio, yaani koili moja na kapasita chache pale umeme unapoingilia. Ifungue chaja feki iliyokwisha kufa na mara nyingi utakuta matundu ya chujio hilo yapo, yameandikwa hata namba zake, ila koili haipo na mahali pake pameungwa kipande cha waya. Mtu alikaa akahesabu senti chache kwa kila chaja, akaamua ukimya wa hewa yetu hauna thamani hiyo. Hilo linaniudhi kuliko wizi wa kawaida, kwa sababu anayeibiwa hajui kamwe kwamba alikuwa na mali. Bibi aliyezoea kusikiliza Zanzibar kwenye masafa mafupi anadhani redio yake imezeeka.

Na leseni je? Hapa ndipo ninapopandisha sauti. Kanuni za Redio za ITU, muungano wa kimataifa wa mawasiliano, ni kitabu kinachozifunga nchi zote wanachama, na zina Kifungu cha 25 kinachonihusu mimi mwanaridhaa. Kinaitaka serikali ihakikishe kwamba mtu anayetaka kuendesha kituo cha ridhaa ana ujuzi wa kiufundi na wa uendeshaji. Nikiwa hewani natakiwa kujitambulisha kwa alama ya wito: Tanzania Bara huanza na 5H3, Zanzibar 5H1, Kenya 5Z4. Siruhusiwi kufanya biashara hewani wala kuficha maana ya maneno yangu kwa mafumbo. Nayakubali yote, na nitayatetea mbele ya yeyote anayesema leseni ni usumbufu. Mtu mwenye wati 100 na antena juu ya paa anaweza kuvuruga mawasiliano ya wengine kwa kutojua tu, kwa hiyo apimwe kwanza. Hata mfalme hakujiona mkubwa kuliko utaratibu: Sultani Qaboos wa Oman alikuwa mwanaridhaa mwenzetu, akijulikana hewani kwa alama ya A41AA.

Lakini kitabu hicho hicho, vifungu kumi nyuma, kina Kifungu cha 15. Humo serikali zinatakiwa kuchukua hatua zote zinazowezekana ili vifaa vya umeme vya aina yoyote visidhuru huduma za redio. Vipimo vya kufuata vipo pia. Kamati ya kimataifa iitwayo CISPR imekuwa ikishughulika na kelele za vifaa tangu 1934, na ina kiwango cha taa na kiwango cha vifaa kama ving'amuzi. Kwa hiyo sheria ni mbili, na ni moja tu inayobisha hodi. Mimi naulizwa karatasi. Chaja ya shilingi elfu tatu inapita bandarini, inafika Kariakoo, na kuanza kurusha mawimbi jioni ile ile.

Usiniambie haiwezekani. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizizima simu feki nchini kote, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo tangu 2012. Kama simu inaweza kuchunguzwa mpaka namba yake ya utambulisho, IMEI, basi chaja iliyomo ndani ya boksi lile lile nayo inaweza kuwekwa juu ya meza ya maabara. Najua kwamba chaja haina IMEI na haiwezi kuzimwa kutoka mbali. Ndiyo sababu ikamatwe mapema, kwenye kontena, na watu wa viwango na watu wa mawasiliano wakae meza moja.

Mpaka siku hiyo, adhabu unaitoa mwenyewe. Kosa la kwanza adhabu yake ni pingu ya feraiti. Umeona lile fundo la plastiki gumu karibu na ncha ya waya wa skrini za zamani za kompyuta? Ndani yake kuna feraiti. Mafundi wa redio na televisheni wanazo kwenye makopo yao na wengi watakupa bure ukiomba kwa adabu. Chukua pete yenye tundu kubwa, zungushia waya wa kifaa mara nyingi kadiri iwezekanavyo, karibu na kifaa chenyewe. Usiridhike na kupitisha mara moja. Nguvu ya kuzuia hupanda kwa mraba wa mizunguko: mizunguko saba inakaribia mara 49 ya mmoja. Mkaidi asiyesikia pingu avuliwe uraia wa nyumba yako na mahali pake paletwe kifaa kingine.

Dukani, kuwa mgumu.

“Kaka, chukua hii, inachaji chapchap.”

“Nipe na ile nyingine niipime mkononi.”

“Unanunua chaja au unanunua samaki?”

Mwache acheke. Kati ya chaja mbili za nguvu sawa na umbo sawa, nyepesi mno mara nyingi imenyimwa kitu ndani. Si kipimo cha maabara, ila kikiongezewa redio yako ya betri, ukaomba chaja ichomekwe hapo hapo kaunta, kinatosha. Muuzaji akisikia mlio kwa masikio yake, ataanza kuelewa unachotafuta, na nimeona wauzaji wakianza kujaribisha bidhaa nyingine wenyewe.

Kuhusu mhalifu wa nje: kelele inayozidi siku za kiangazi na vumbi na kupoa mvua ikinyesha mara nyingi hutoka kwenye nguzo za umeme. Andika namba ya nguzo, uwaachie mafundi wa shirika, usiiguse. Ikiwa inatoka kwa jirani, piga hodi mapema jioni. “Shikamoo mzee,” kisha habari za familia, kisha, baada ya chai, ombi la kuisikiliza taa ya barazani. Nenda na balbu nzuri mfukoni na ufanye mabadilishano hapo hapo. Usimtaje kuwa mkosaji. Naye kauziwa kama wewe.

Umeme wa mtaa mzima ukikatika, usikae kulalamika. Washa redio ya masafa mafupi dakika hiyo hiyo, kwa betri. Hapo utaisikia hewa yako jinsi ilivyo: bendi ya mita 41 usiku na vituo vyake vya mbali, kilohezi 7,000 hadi 7,200 wanaridhaa wakiitana. Kama una redio ya mkononi, ibaki kwenye megahezi 145.800 ukisubiri kituo cha anga za juu, ISS, kipite. Siku wanaanga wanapozungumza na wanafunzi duniani, sauti zao huja humo. Andika unachosikia na saa ulizosikia. Umeme ukirudi, rudia masafa yale yale uone nini kimemezwa, kisha ipeleke orodha hiyo, tarehe na masafa vikiwa wazi, kwa mamlaka ya mawasiliano pamoja na fomu yako ya kuomba leseni.