Gunia Lako Mwenyewe, Bei Mpya

Kwenye vibanda vya gemu, iwe Mbinga mjini au kule chini Mbamba Bay, PlayStation 2 bado ina heshima zake. Ilitoka Japani mwaka 2000, na Sony walishaacha kuitengeneza kufikia 2013, ila taarifa hiyo ni kama haijafika Ruvuma. Husimamishwa kiubavu ndipo lenzi ikubali kusoma diski, pedi moja lazima ivute kushoto (hiyo hupewa mgeni), na umeme wa luku husubiri penalti ya mwisho ndipo uishe. Pamoja na visa vyote hivyo, mteja hulipia mechi tu. Hatozwi tena eti kwa sababu mwenye kibanda amefuta vumbi kwenye runinga.

Wakubwa wa magemu hili limewashinda. The Last of Us ilitoka 2013, ikang'arishwa na kuuzwa tena 2014, kisha 2022 ikajengwa upya kwa ajili ya PlayStation 5 kwa dola 70, yaani zaidi ya shilingi 160,000 za wakati huo. Hadithi ni ile ile, na aliyekwisha kuinunua mara mbili hakupunguziwa hata senti. EA nao, kwenye Nintendo Switch, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 waliuza mpira ule ule, kilichobadilika kikiwa hasa jezi na vikosi. Mtaani kazi hiyo hufanywa na kijana mwenye kompyuta, anayepachika humo Simba na Yanga. Kisheria ni wizi, sibishi, lakini yeye walau hadai kwamba ametunga gemu jipya. Na kulipia si dhamana ya ubora: mwaka 2021 Rockstar waliziuza upya GTA tatu za zamani kwa dola 60, zikiwa na mvua nzito hata dereva haoni barabara, wakaishia kuomba radhi. Mvua ya namna hiyo Mbinga ipo kila masika, na hailipiwi.

Mtu atauliza: hao waliokaa usiku kucha wakizing'arisha, wale nini? Swali la haki. Mkulima wa Mbinga akipeleka kahawa kiwandani hulipia kukobolewa, wala hanung'uniki. Angenung'unika kama angeuziwa tena gunia lake mwenyewe. Basi dola 10 walizotoza Sony mwaka 2024 kwa wenye Horizon Zero Dawn ya zamani ni ada ya kukoboa. Dola 70 ni gunia. CD Projekt walikwenda mbali zaidi: Desemba 2022 waliiboresha The Witcher 3, gemu la 2015, bila kumdai chochote aliyekuwa nayo. Sidhani ilikuwa sadaka; gemu kuukuu linaloonekana jipya huvuta wanunuzi wapya, na hao ndio wanaopaswa kulipa bei kamili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la bando. Maboresho ya bure huja kwa makumi ya gigabaiti, na anayeyavuta kwa simu akiwa ufukweni Nyasa atailipa kampuni ya simu kile alichosamehewa na watengenezaji. Kwa hiyo bure iwe bure, lakini iwepo pia diski yenye kila kitu ndani, hata kwa ada ndogo. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami siku hizi, na kondakta hapimi gigabaiti.