Mzee Anadai Deni la Omena

Fedheha iliyonifika Jumamosi iliyopita katika kibanda kimoja cha video huko Manyatta, hapa Kisumu, ingali inaniwasha, wala sioni dalili ya kupoa. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nyuma, kati ya kijana wa bodaboda aliyepakata helmeti yake na mwenziwe aliyekuwa akitafuna njugu, nikiingojea filamu ambayo mswada wake niliuandika mimi, kwa Kiingereza, maana ndivyo mtayarishaji alivyotaka; na hasa nikilingojea lile onyesho ambamo mvuvi mzee wa Dunga, akiwa taabani kitandani, anamuusia mwanawe habari za ziwa, ukoo na mauti, maneno niliyokesha nikiyapiga msasa hata mke wangu akauliza kama marehemu mtarajiwa ni jamaa yetu. Mzee akafunua kinywa. Sauti yake ikadidimia, na mahali pake ikapaa sauti ya DJ, nzito, iliyojaa furaha, ikitangaza kwa Sheng' kwamba mzee anadai deni lake la omena na hafi mtu hapa mpaka alipwe. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Yule wa njugu akanipiga bega, akasema, "Jaduong', huyu DJ anajua kutunga!"

Insafu yanilazimu kusema kwamba ufundi wenyewe wa DJ wa kusimulia filamu ni wa ajabu, na tangu siku ile nimeuchunguza kwa bidii ambayo sijawahi kuitia katika kazi yangu mwenyewe. Msimulizi huketi mbele ya picha na kinasa sauti chake, mkono mmoja ukiwa juu ya kitufe cha kuongozea sauti ya filamu. Mhusika anapotaka kusema humfifiza, na bunduki zinapolia, au gari linapobingirika, au ngoma zinaposhika kasi, huzipandisha tena, kwa kuwa anajua hadhira ililipa ili isikie risasi, wala hapana aliyelipa kusikia nasaha. Hatafsiri, lau angetafsiri ningemsamehe. Yeye huwabatiza wahusika upya kwa majina ya mtaani, humwonya staringi kwamba adui amejificha nyuma ya mlango, humkebehi adui kwa viatu vyake, na pale ambapo sisi waandishi tumeacha kimya cha makusudi ili mtazamaji atafakari, yeye hukijaza kwa habari za bei ya unga. Kila neno lake huangukia kinywa kinachofunguka, na kinywa kikifungwa naye amekwisha nena, ilhali mtu huyo hana mswada mbele yake, hana mhariri, wala hana mtayarishaji wa kumuuliza kama mzee lazima afe.

Wala si bidaa ya jana. DJ Afro amejulikana Kenya nzima kwa kazi hii, Kampala yupo VJ Jingo, na Dar es Salaam alikuwapo Lufufu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza Tanganyika filamu za kuwafundisha Waafrika, ambazo maelezo yake yalinaswa katika santuri kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo, yakachezwa sambamba na picha. Hivyo mtawala naye aliamini kuwa picha bila msemaji ni kazi nusu. Na huko Ujapani, zama za filamu bubu, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kusemea kila mhusika, na wengine wao majina yao yaliwavuta watu kuliko ya waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, yule muongozaji mashuhuri, alikuwa mmoja wao, hata filamu za sauti zikaja zikawanyang'anya riziki. Ujapani filamu ya sauti ilimla msimulizi. Kwetu msimulizi ameila filamu ya sauti, akajipangusa midomo.

Rai yangu kuhusu sanaa yetu sisi waandishi wa miswada, kwa anayeitaka, ni kwamba tunawaandikia wahusika wetu maneno mengi mno. Washa runinga jioni yoyote utawaona watu wanne juu ya makochi wakisimuliana mambo ambayo kamera ingeyaonyesha kwa dakika moja, lau mtayarishaji angekubali kulipa nauli ya kuipeleka huko yalikotukia. Marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa kipindi cha runinga cha Vitimbi, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mgikuyu aliyezungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, na sisi tuliokuwa na lafudhi hiyo bila malipo tulicheka kabla hajamaliza kuingia mlangoni. Nani leo atakutajia aliyeandika maneno yake?

Masaibu yangu mengine ni madogo. Kiboko niliyemwandikia onyesho zima aligeuzwa mbuzi kwa sababu ya bajeti. Kituo kimoja cha runinga kilikata mwisho wa tamthilia yangu ili kupisha taarifa ya habari, nacho hakikuurudisha.

Lakini lisilonichekesha hata kidogo ni hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inautambua mswada kuwa kazi ya fasihi, jambo la kushukuriwa. Ila inapofika kwenye filamu yenyewe, inamtaja mtunzi wake kuwa ni mtu aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Yaani aliyekodi gari, akaagiza ugali na ngege kwa watu ishirini, ndiye mtunzi. Na mswada ukiwa umeagizwa, kama yalivyo aghalabu ya miswada yetu, hakimiliki humwendea aliyeuagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Nami sijapata kumwona mwandishi mwenye kodi ya nyumba ya kulipa akipatana vingine. Kwa hiyo DJ yule hakuniibia kitu, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kuibiwa. Sote wawili tuliweka maneno katika kinywa cha mzee wa mtu mwingine, tofauti ikiwa kwamba yeye alichekewa.

Enyi waheshimiwa wabunge, mtakapoifungua tena sheria hiyo, mwandikeni mwandishi wa mswada pamoja na mwenye gari. Nanyi watayarishaji, msingoje sheria: lipeni salio mwezi ule ule filamu inapomalizika, na jina la mwandishi liwekeni mwanzo, kabla DJ hajaanza kusema.